Poka ya simu, poka ya meza

Mtu aliyesoma shule za Kenya akisikia "poka", kinachomjia kichwani ni "niko kadi". Ni ule mchezo wa kuteremsha karata inayolingana na iliyo juu. Mbili na tatu zinamlisha mwenzio, jokeri inamlisha tano, J inamruka mtu, K inarudisha mchezo nyuma, Q na nane ni maswali yanayodai majibu. Ukikaribia kumaliza lazima utangaze kwamba uko kadi, la sivyo ushindi wako hauhesabiwi. Niliucheza bwenini miaka minne, nikatoka nikijihesabu bingwa wa poka. Ndiyo maana mwenzangu wa kazini aliponiambia mwaka 2020 kwamba kuna poka ya pesa kwenye simu, nilimcheka. Nikamwambia ajiandae kunilipia nauli ya mwaka mzima.

Poka aliyoisema yeye ni Texas Hold'em, na haihusiani na niko kadi hata kwa ujombani. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Kisha tano zinafunuliwa katikati ya meza: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Kila hatua kuna kuweka pesa, kufuata, yaani kulipa sawa na alichoweka mwenzio, kupandisha, au kutupa karata zako ukatazama wengine. Unashinda ukiwa na mkono bora, yaani karata zenye nguvu zaidi, mwishoni, au ukiwafanya wengine wote watupe zao. Hilo la pili ndilo lililonishika. Kwamba unaweza kushinda ukiwa huna kitu.

Karata zenyewe nilizijua kabla hata ya shule. Nilikulia Kisauni, Mombasa, na jirani yetu alikuwa mshonaji mwenye baraza mbele ya duka. Jioni cherehani ikinyamaza, karata zinatoka. Kwake yeye hapakuwa na maua wala moyo. Palikuwa na shupaza, kopa, uru na pau, majina tuliyoachiwa na Wareno. K ilikuwa "mzungu wa nne" na A ilikuwa "ree". Mpaka leo nikiwa Nairobi nikasema nimeshika ree, watu wananitazama kama nimezungumza Kireno chenyewe. Mzee yule hakukubali hata peni iwekwe juu ya mkeka. "Karata ni karata, pesa ni pesa," alikuwa akisema. "Ukizichanganya, hicho unachokicheza kina jina lake, na hapa hakichezwi."

Basi mimi nilizichanganya, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne, kwenye kitanda cha nyumba ya kupanga Donholm.

Kafyu ya korona ilikuwa imeanza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mimi ni karani wa ghala Industrial Area, na kazini tulikuwa tumekatwa mshahara nusu. Jioni zilikuwa ndefu kupita kiasi. Kutuma pesa kulikuwa kama mchezo wa watoto: kutoka M-Pesa zinaingia kwenye pochi ya mtandaoni, zikifika upande wa pili zimegeuka dola. Hapo ndipo penye ujanja ambao sikuuona mapema. Dola tano hazina uzito. Shilingi mia tano na ushee ni unga, ni mafuta ya kupikia, ni nauli ya siku kadhaa. Dola tano ni namba ndogo ya kijani pembeni mwa skrini.

Sitaki kuisema simu vibaya tu, kwa sababu simu ndiyo iliyonifundisha hesabu. Meza za kiwango cha chini kabisa unalazimika kuweka senti moja au mbili za dola, kwa hiyo ujinga wako una bei nafuu. Na mikono, yaani raundi za kugawiwa karata, inakuja mfululizo. Kwenye meza ya watu halisi mgawaji akiwa mwepesi mnacheza mikono ishirini na tano hadi thelathini kwa saa. Kwenye simu, meza moja peke yake inakupa sitini au zaidi, na unaweza kufungua kadhaa kwa wakati mmoja. Nilichojifunza miezi mitatu kingenichukua miaka kwa njia ya mguu.

Kwa mfano hili. Una shupaza mbili mkononi, mezani zimefunuliwa karata nne na mbili ni shupaza. Ukipata moja zaidi, una tano za rangi moja na karibu hakika umeshinda. Shupaza zilizobaki ni tisa, kati ya karata arobaini na sita usizoziona. Hiyo ni mara moja katika kila tano hivi. Sasa chunguni, yaani kwenye pesa zilizokwisha kuwekwa katikati, kuna 1,200, mwenzio ameweka 600. Ili uendelee unalipa 600 upate nafasi ya kuchukua 1,800, yaani unahitaji kushinda angalau mara moja katika nne ili usitoke na hasara. Una moja katika tano. Tupa. Haijalishi moyo unakwambia nini, wala umeota nini usiku. Mimi nilikuwa mtu wa "nahisi inakuja". Simu ilinipiga kwa hilo hadi nikaacha kuhisi nikaanza kuhesabu, na hesabu hiyo nimeihamishia hata kazini, dereva akiniambia mzigo "utafika tu".

Tatizo la simu ni lile lile linaloifanya iwe mwalimu mzuri. Haipumziki.

Ngoja niwaeleze usiku mmoja wa Novemba mwaka ule. Saa nane usiku, nimelala kwa ubavu, shuka nimeivuta juu ya simu mwanga usimwamshe Mama Neema. Meza nne zimefunguka, kila moja ukubwa wa kiberiti. Ya juu kushoto nikapewa ree mbili. Huo ndio mkono bora kuliko yote, na unakuja kwa wastani mara moja katika mikono 221. Mtu akapandisha, nikapandisha juu yake, akasukuma pesa zake zote, nikafuata kabla kidole hakijafikiri. Ana tisa mbili. Kwa hali hiyo mimi nashinda mara nane katika kumi. Karata tatu, hakuna kitu. Ya nne, hakuna kitu. Ya tano, tisa.

Na hapa ndipo ninapotaka kila mtu anielewe. Kupoteza mkono ule halikuwa kosa. Mara mbili katika kumi ni lazima mtu apoteze, na mara hiyo nilikuwa mimi. Kosa ni sekunde tatu zilizofuata. Kabla sijameza mate, meza nyingine tatu zilikuwa zinaniuliza nafanya nini, na ile ya juu kushoto ilikuwa tayari imeshanigawia karata mpya. Hasira ilinikuta mkono uko kwenye pesa. Nilipanda meza ya kiwango cha juu, nikasema nirudishe tu zangu. Ndani ya dakika arobaini dola themanini zilikuwa zimekwenda. Ukizigeuza ni karibu shilingi elfu nane na mia saba, na kodi ya nyumba yetu ilikuwa elfu kumi na nane.

"Baba Neema," sauti ikatoka gizani, "unazungumza na nani?"

Kumbe nilikuwa natukana kwa sauti.

"Na hakuna mtu," nikamjibu. Na ilikuwa kweli, ndicho kilichonitia ubaridi. Aliyenila simjui sura, simjui jina, sijui kama ni mtu. Mwezi Julai 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook walikuwa wametangaza programu yao, Pluribus, iliyowashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza ya watu sita, katika mikono 10,000 iliyochezwa kwa siku 12. Sisemi mashine ya namna hiyo iliacha kazi ikaja kunifuata mimi kwenye meza za dola chache. Nasema kwenye simu huna njia ya kujua nani amekaa mbele yako, kama ni mmoja au ni wawili wanaopigiana simu, na tovuti nzima inaishi kwa kukuomba uamini.

Mama Neema hakunigombeza. Aliomba aone kiasi, nikamwonyesha kwa dola. Akaniambia niandike kwa shilingi, kwenye daftari, kwa kalamu. Niliandika kila nilichotuma tangu mwanzo na kila nilichorudisha. Jumla ilikuwa hasara ya shilingi 37,400. Tulilitazama lile daftari muda mrefu. Programu ya poka niliifuta asubuhi ile ile, nikairudisha baada ya siku tisa, nikaifuta tena. Sijivunii hizo siku tisa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Meza ya watu nilikwenda mara ya kwanza Februari 2022, kafyu ikiwa imeondolewa tangu Mashujaa Dei ya mwaka uliotangulia. Ni kasino moja Westlands. Mlangoni wanataka kitambulisho, ndani kuna zulia zito na baridi ya kiyoyozi, na saa ya ukutani hakuna. Nilibadilisha shilingi elfu kumi, nikapewa vidude vya rangi vinavyoitwa chipu. Mhudumu aliniuliza kama nataka chipsi, nikamwambia tayari ninazo, akanitazama mikono.

Kwenye meza ile malazimisho, zile pesa za lazima zinazowekwa kabla ya karata, yalikuwa 100 na 200. Mkono wa nne nikapewa wazungu wa nne wawili, yaani K mbili. Nilitaka kupandisha hadi elfu moja. Kwenye simu unabonyeza tu, namba inatokea. Hapa nikachukua chipu ya elfu, nikairusha mbele kwa mbwembwe kama nilivyoona kwenye video, kimya, uso mkavu.

"Amefuata, mia mbili," mgawaji akasema, akanirudishia mia nane.

"La, dada, nimepandisha."

"Pole kaka. Chipu moja bila kusema neno ni kufuata. Ukitaka kupandisha useme kwanza."

Meza nzima ikanitazama. Mzee mmoja mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road, ambaye baadaye tulizoeana, alitabasamu kwa upole hivi, upole wa mtu aliyeona chakula kinaingia mlangoni. Basi tukaingia watu sita kwa mia mbili mbili. Zikafunuliwa ree, saba, nne. Mmoja akaweka, wa pili akafuata, wa tatu akapandisha, nikatupa K zangu zikiniuma. Mwisho wa mkono mmoja akafunua saba mbili, jumla saba tatu. Kama ningepandisha nilivyotaka, kwa jinsi ninavyojijua, ningeziachia elfu kumi zote pale. Nimeokolewa na ujinga wangu mara chache maishani, na hiyo ni mojawapo.

Lakini kilichonishangaza zaidi usiku ule ni kusubiri. Mikono thelathini kwa saa maana yake ni dakika mbili kwa kila mkono, na mingi kati yake ni ya kutupa. Unatupa, unakaa. Mgawaji anachanganya, anakata, anagawa, mmoja anafikiri, mwingine anaitisha maji. Ree mbili ambazo kwenye simu nilikuwa nazipata karibu kila saa, hapa kwa hesabu ni mara moja katika saa saba. Unaweza kurudi nyumbani hujaziona. Saa mbili za mwanzo nilikaribia kupasuka kwa uchovu wa kukaa bure. Ndipo nikapoteza mkono mkubwa, elfu nne, kwa mtu ambaye karata zake zilikuwa dhaifu kuliko zangu, akaokolewa na karata ya mwisho. Moto ukanipanda ule ule wa Novemba. Mikono ikataka kufanya kitu. Na hapakuwa na kitu cha kufanya. Karata zilikuwa hazijagawiwa. Aliyenila akanyoosha mkono, akasema pole ndugu yangu, ningekuwa wewe ningelia. Mzee wa vipuri akaanza hadithi ya gari la mteja. Mpaka karata mpya zinanifikia, moto ulikuwa umeshuka hadi makaa, nikazitazama, hazifai, nikazitupa.

Hivyo tu. Hizo dakika mbili ndizo nilizokuwa nazikosa kwenye simu. Watu wanaotofautisha poka ya simu na ya meza huzungumza sana kuhusu kusoma nyuso. Kuna ukweli, lakini umepigiwa chuku. Ninachoweza kukuapia kwa miaka hii ni kimoja: yule anayeuliza "ni mimi?" wakati anajua vizuri ni zamu yake, mara nyingi ameshika kitu. Mengine ni kubahatisha. Na kusoma kunakwenda pande zote mbili. Nilikaa miezi nikijiona nina uso wa jiwe, hadi dereva mmoja wa teksi akanihurumia akaniambia siri. Nikiwa na karata nzuri naongea kama wao, Kiswahili cha Nairobi, maneno nusu nusu. Nikiwa natishia tu sina kitu, naanza kusema "ahsante sana" na "tafadhali" na "la hasha". "Wewe Coasto ukianza Kiswahili cha Mombasa, sisi sote tunajua unatupima." Kwenye simu siri hiyo isingetoka milele, na nisingecheka vile.

Meza nayo ina gharama zake, na anayekwambia ni salama hajapiga hesabu. Kasino inakata fungu lake kila chungu, kwa kawaida kwa asilimia kubwa kuliko la mtandaoni. Kiwango cha chini kabisa cha meza yetu ni mara nyingi sana ya kile cha simu, kwa hiyo mtu asiyejua hesabu za mwanzo atazijifunza kwa bei ya ng'ombe. Kuna nauli, kuna kumpa mgawaji kitu, kuna usiku wenyewe. Na kuna aibu ya kiume, ambayo simu haina: nimeona mtu amekaa saa tatu zaidi ya alivyotaka kwa sababu hakutaka kuonekana anakimbia. Mimi mwenyewe nikijumlisha daftari la meza tangu 2022, nimepoteza kidogo. Si faida. Nimekaa nalichukulia kama watu wanavyochukulia tiketi za mpira, na siku hesabu ikivuka kiasi tulichoandikiana na Mama Neema ukurasa wa kwanza, mwezi huo siendi.

Wapo wanaonitajia Chris Moneymaker, jina lake halisi hilo. Mhasibu wa Tennessee aliyelipa dola 86 kwenye mashindano ya mtandaoni, akapata nafasi ya kwenda kwenye mashindano makuu ya poka Las Vegas mwaka 2003, akaibuka wa kwanza kati ya wachezaji 839 waliojiandikisha, akaondoka na dola milioni 2.5. Ni kweli tupu, na ilichangia sana kuivumisha poka ya mtandaoni duniani. Wanaonitajia huyo hawanitajii tarehe 15 Aprili 2011, serikali ya Marekani ilipozifungia tovuti kubwa za poka, na moja kati ya hizo ikabainika haina pesa za kutosha kuwalipa wateja wake. Waliokuwa wameacha akiba humo walisubiri miaka. Mimi nikimaliza mkono pale Westlands napeleka chipu dirishani, nahesabiwa noti, nazitia mfukoni. Kama zimebaki.

Simu bado naitumia, ila kwa karata zisizo za pesa. Naandika mikono iliyonishinda mezani, naipiga hesabu nikiwa ndani ya matatu asubuhi. Mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie kwenye simu, kwa karata za bure, miezi sita, halafu aje mezani na pesa ambazo mkewe anazijua. Wengi hawaipendi ile sehemu ya mwisho.

Ijumaa iliyopita nilikuwa pale. Saa nne na nusu usiku nikapewa ree mbili, za kwanza baada ya safari tatu. Nikasema "napandisha" kwa sauti, siku hizi sirushi kitu kimya. Mzee wa vipuri akafuata, mezani zikatoka karata za chini chini, tukamalizana. Alikuwa na nne mbili na ya tatu ilikuwa mezani. Elfu sita mia mbili. Akaniuliza, "Mama watoto hajambo?" Nikamjibu hajambo, ananisalimia kama sijapoteza. Watu wakacheka. Nikakaa mikono minne, yote ya kutupa, nikaaga, nikashuka.

Stejini nikapanda ya Donholm. Makanga alisema hamsini mlangoni, nikampa mia, tulipofika Jogoo Road akanirudishia thelathini akidai ni bei ya usiku. Nikakataa. Nikamwambia abiria wote wamesikia ulichosema mlangoni. Tulibishana hadi kituo changu, nikashuka na ishirini yangu mkononi.